Jeneza Kwenye Nafasi ya Kwanza

Ubao wa Naftaly Shivachi ulikuwa na misumari saba, na kwa miaka kumi na mmoja aliamini kwamba misumari hiyo ndiyo iliyoizuia Kawangware isipasuke. Wengine walimwamini Mungu, wengine serikali. Yeye aliamini misumari, na aliyeigongomea alikuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo imani yake haikuhitaji kwenda mbali kutafuta mtume.

Kazi ilikuwa hivi. Nyuma ya maduka ya 56, steji ya mtaa huo wa Nairobi, palikuwa na uwanja wa vumbi ambapo mabasi ya kwenda magharibi yalipakia: ya Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega. Naftaly alikuwa ameugawa uwanja huo kwa mawe aliyoyapaka chokaa, akapata nafasi saba. Kila basi lilikuwa na kisahani chake cha bati, ambacho alikikata kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na kukiandika namba ya gari kwa rangi nyekundu. Basi likiingia, kisahani kilitundikwa. La kwanza kufika lilipata msumari wa kwanza, na msumari wa kwanza ulikuwa nafasi ya kwanza, ile ya karibu na barabara, inayopakia mbele ya wenzake na kuondoka mbele ya wenzake. Basi la nane lilingoja nje, kando ya saluni, mpaka msumari uwe wazi. Madereva walijaribu kumpa chai ili waruke foleni. Aliwarudishia chai yao, na mahubiri juu yake.

Je, uwanja ungeweza kubeba mabasi zaidi ya saba? Swali hilo alilichukia kama kuhara. Kati ya basi na basi aliacha hatua nne kamili, alizozipima kwa miguu yake, ili abiria apite na mzigo wake bila kugeuka ubavu. Hatua nne alizipata kwenye masomo ya posta. Shule aliiacha darasa la nne, akajisomesha kwa magazeti yaliyofungia nyama, yaani habari zake zote zilikuwa na damu na hazikuwa na mwisho. Kisha akajiandikisha masomo ya posta ya usimamizi wa uchukuzi. Yalimfikia masomo saba, chuo chenyewe kikafungwa. Somo la nane lilikuwa liwe juu ya kuishi vizuri na watu kazini. Waliomfahamu walisema pengo linaonekana.

Kabla ya hapo alikuwa taimkipa wa kampuni moja ya mabasi ambayo sasa ni kichaka cha vyuma vyenye kutu. Siku zile dereva alivaa tai. Utingo alisema tafadhali. Basi la saa tatu na dakika kumi liliondoka saa tatu na dakika kumi hata kama lilikuwa limepata abiria mmoja na kuku wake. Huenda ndiyo maana kampuni ilikufa, lakini hilo Naftaly hakupenda lisemwe mbele yake.

Juu ya misumari kulikuwa na sheria moja tu: gari lililobeba maiti halipangi foleni. Likiingia, lililo nafasi ya kwanza hurudi nyuma, makanga hufunga midomo, redio huzimwa, wanaume huvua kofia. Sheria hiyo haikutoka posta. Ilitoka kwao Kakamega, ambako zamani aliyebeba maiti njiani alipishwa hata na ng'ombe. Na watu wa 56 waliishika, hata wale ambao hawakushika kitu kingine chochote isipokuwa mifuko ya wenzao. Naftaly alijivunia sheria hiyo kana kwamba kifo amekivumbua yeye.

Aliyeuchukia ubao alikuwa Morris wa Kabiro, mkubwa wa manamba, wapigadebe wote wa steji, mwanamume wa miaka thelathini mwenye kifua kama kabati.

"Mbuyu," Morris alimwambia karibu kila asubuhi, kama vijana wa mjini wanavyomwita mzee bila heshima, "hapa zinaingia tisa."

"Saba."

"Tisa! Na hiyo nafasi yote katikati umeachia nani, upepo?"

"Nimeiachia heshima."

"Heshima hailipi fare, mbuyu."

Neno hilo lilifika kwa wenye mabasi. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Rahab, mwenye magari mawili, mwanamke wa kanisa, mpole wa sauti tu. Mapema Desemba mwaka 1996 alimwita Naftaly kando.

"Mzee Shivachi, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini wenzangu wanasema Morris anaweza kuingiza magari tisa pale, na wewe unaingiza saba. Sasa sikia. Ile Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi nitakuja mwenyewe, nikae kutwa. Siku ikiisha bila vita na bila magari kuziba barabara, ubao unabaki. Ikishindikana, unampa Morris filimbi, unaenda kupumzika."

"Mimi nitapumzika kwa Bwana, mama."

"Hiyo nayo iko kwa mikono yake," Mama Rahab akasema. "Ya steji iko kwa mikono yangu."

Basi Naftaly alijiandaa kwa Ijumaa hiyo kama bwana harusi. Mawe aliyapaka chokaa upya. Koti la kampuni, ambalo halikufunga tena kifuani tangu alipoanza kula chapati za Gatina, alilipiga pasi. Kofia yake ya taimkipa aliisugua kwa mafuta ya nywele, akanukia kama saluni.

Siku ilipofika, saa moja asubuhi misumari yote saba ilikuwa imejaa. Watu wa Kibera walikuwa wameanza kumiminika tangu kiza, na magodoro, na redio, na mikate mirefu ya kupelekea akina nyanya, maana enzi hizo mtu hakuwa ameenda nyumbani kama hakufika na mkate. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya basi la Mama Rahab mwenyewe. Liliipata kwa haki, kwa kufika alfajiri. Mama Rahab aliketi kwenye baraza ya saluni na thamosi yake ya chai, akitazama. Hadi saa nne hakukuwa na kelele ila za kawaida, na basi lake lilikuwa limejaa nusu. Naftaly alikuwa ameshaanza kuitunga kichwani hotuba ya ushindi. Ilikuwa na "hivyo basi" tatu.

Ndipo basi la Siaya likaja kutoka gereji ya Riruta, likiwa limeshaokota abiria njiani, likiendeshwa na Mulei, dereva mtaratibu ambaye maneno yake kwa wiki yangetosha kwenye stempu. Lilikuwa la nane. Lilipaswa kungoja kando ya saluni. Lakini juu ya kerieri, katikati ya magodoro, kulikuwa na jeneza.

Naftaly alipuliza filimbi mara tatu, ndefu.

"Zimeni redio! Kofia! Nafasi ya kwanza, rudi nyuma!"

Hakuuliza kitu. Siku zote alisema maiti haombwi kitambulisho. Dereva wa Mama Rahab alitazama abiria wake walioketi tayari, akamtazama tajiri wake kwenye baraza, na Mama Rahab mwenyewe akainamisha kichwa kukubali. Basi lake likatoka, likasimama barabarani na tumbo lake nusu tupu. Mulei akaongozwa hadi nafasi ya kwanza. Alifungua mdomo kama mwenye neno, kisha akaufunga. Baadaye, alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kutoa: "Mtu akikupa nafasi ya kwanza Ijumaa ya Krismasi, utamwambia hutaki?"

Hapo Naftaly angeweza kuishia. Mtu mwenye akili angeishia. Lakini uwanja mzima ulikuwa kimya, Morris mwenyewe alikuwa ameshika kofia yake mkononi kama mtoto wa Sunday school, na Mama Rahab alikuwa anatazama. Naftaly akapanda juu ya kreti ya soda, akaomba.

"Ee Baba, huyu ndugu yetu alikuja mjini na miguu yake, leo anarudi amebebwa. Alitafuta, hatujui kama alipata. Wewe unajua. Nasi tuliobaki kwenye steji hii ya dunia, kila mmoja na msumari wake, tufundishe kungoja zamu..."

Aliendelea hivyo kwa muda. Wanawake wawili walijifuta macho na ncha za kanga. Naftaly naye machozi yalimlenga, kwa uzuri wa maneno yake.

Alipomaliza, aliingia ndani ya basi kuwapa pole wafiwa. Hakuona aliyevaa kitambaa cheusi, wala aliyelia. Akatafuta uso wenye huzuni kuliko zote, akaupata kiti cha mbele: Mzee Obonyo wa Kibera, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika nyumba za Lavington kwa miaka thelathini, na uso wake ulikuwa mrefu tangu kuzaliwa.

"Pole sana, jaduong'," Naftaly akamwambia, akimwita mzee kwa Kijaluo na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Asante."

"Ni nani wako?"

"Nani?"

"Aliyeko juu."

"Juu hakuna mtu. Ile kitu ni yangu."

"Najua ni yenu, jaduong'. Nauliza marehemu ni nani."

Obonyo akafikiri. "Marehemu ni mimi," akasema. "Lakini bado kidogo."

Naftaly akaketi kando yake. Obonyo akamweleza bila haraka. Amestaafu, anarudi nyumbani moja kwa moja. Ana wana watatu. Yeye mwenyewe alimzika baba yake kwa mbao za mvule. Mwaka jana wana wa kakake walimzika baba yao kwa mbao za makasha ya mizigo, na ubavuni palikuwa pamebaki maandishi: shika kwa uangalifu, usigeuze.

"Na wakamgeuza," Obonyo akasema. "Nikaona mimi nitajinunulia nikiwa na macho. Fundi yuko hapo Naivasha Road. Nimelilalia, nikajaribu. Liko sawa kwa miguu."

Ubaya wa mambo ni kwamba Naftaly alikubaliana naye kwa kila neno. Vijana wa siku hizi wasingejua mvule hata ukiwaangukia. Kama si balaa iliyokuwa inamngoja, angeketi pale mpaka jioni wakiwasema.

Akawaza haraka. Hakuna aliyesikia. Anyamaze, ashuke, avae kofia, aruhusu basi lijaze na liondoke na siri yake. Ulikuwa mpango mzuri, na ulidumu kwa muda wa pumzi moja. Nyuma ya Obonyo alikuwa ameketi Jael wa Gatina, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa imekomazwa na soko.

"Iko tupu?" Jael akauliza.

Obonyo akaitikia kwa kichwa, akatoa ndizi yake.

"Woi! Watu wangu! Iko tupu! Jeneza tupu inaenda Siaya na sisi! Inatafuta wa kuingia!"

Kila aliyekuwa ndani ya basi alilijua jambo hilo tangu utotoni, awe Mjaluo au Mluhya: jeneza tupu halisafiri na watu. Jeneza lenye mtu limeshiba. Lililo tupu linapita njiani na mdomo wazi, na barabara ya Nairobi hadi Kisumu haijawahi kukosa cha kulilisha. Wakatoka kwa mlango, wakatoka kwa madirisha, na mikate yao ikatoka kabla yao. Dakika mbili hazikuisha, basi likabaki na Obonyo, aliyekuwa anamenya ndizi.

Na nje mambo yalikuwa yamekwama kama mfupa kooni. Abiria wa basi la nafasi ya pili nao walishuka, wakidai jeneza linawatazama. Basi la Mama Rahab lilikuwa limeziba barabara, matatu zikawa zinapiga honi mpaka karibu na soko. Mulei hakuweza kurudi nyuma, na kwenda mbele bila abiria hakutaka.

"Mbuyu ameombea mbao!" Morris akapiga kelele, akiwa ameivaa kofia yake tena. "Wasee, mbuyu amelilia fanicha!"

Manamba wakaipokea. Mmoja akapanda kwenye ile kreti ya soda, akaikunja mikono: "Ee Baba, huyu kabati yetu alikuja mjini na miguu yake minne..." Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Naftaly, ambaye alizipenda hotuba, alilazimika kukiri moyoni kwamba ile ilikuwa imepangwa vizuri kuliko yake.

Akajaribu kushika usukani wa mambo. "Morris, lishusheni, liwekwe kando."

Morris, aliyewahi kunyanyua injini ya matatu peke yake, akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi? Sigusi. Mimi niko na mathee nyumbani, mama mzazi."

"Basi tulitie jiwe ndani. Kwetu zamani lilitiwa jiwe."

"Jiwe ni kama hujaliombea, baba," Jael akasema, mikono kiunoni. "Wewe umeliombea! Umesema na mdomo wako mwenyewe, huyu ndugu yetu anarudi nyumbani. Ndugu gani? Sasa umeliahidi mtu. Jiwe litalidanganya aje?"

"Sasa mnataka nifanye nini?"

"Panda nalo. Ukae hapo chini yake mpaka Siaya. Ukifika mzima, litajua ahadi ilikuwa ya bure. Ukipanda wewe, na sisi tunapanda."

"Apande nalo!" watu wakasema. "Aliyeliombea alipeleke!"

Naftaly akamgeukia Mama Rahab, aliyekuwa ameshuka kutoka barazani na kusimama kando ya tairi la basi lake.

"Mama, mimi ni wa Kakamega. Siaya nitafuata nini?"

"Mzee Shivachi, gari langu limeziba barabara. Watu wanateremka wanaenda kwa wengine. Yangu ingekuwa imejaa na kuondoka sasa hivi."

"Nikiondoka, nani ataangalia ubao? Turudishe tu magari nyuma, moja moja, lako litoke kwanza."

"Na ni nani amekuwa akiniambia miaka yote hii kwamba lililo nafasi ya kwanza haliwezi kurukwa, hata na langu?"

Neno lilikuwa lake. Alikuwa amelisema. Alikuwa amelisema kwa madereva, kwa askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, kwa mheshimiwa mmoja aliyetaka basi la shemeji yake lipite mbele. Kulikuwa na njia mbili tu. Avunje sheria yake mbele ya watu mia tatu, abaki na ubao ambao hauna maana tena. Au aifuate, nafasi ya kwanza iondoke kwanza kama ilivyo haki, naye aondoke nayo. Mtu mwingine angevunja, akacheka, akaomba radhi, akala chakula cha mchana. Lakini Naftaly Shivachi alikuwa mtu aliyejisomesha, na waliojisomesha wana taabu hiyo: kila walichokipata walikipata kwa jasho, hata upumbavu, kwa hiyo hawatupi kitu.

Akavua filimbi shingoni.

"Nishikie hii," akamwambia Morris. "Na ubao. Mpaka Jumatatu."

Morris alipokea. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Sawa, mzee," akasema. "Nenda salama, mzee."

Mzee, si mbuyu. Na alilisema kwa upole. Kati ya yote aliyoyasikia siku hiyo, hilo ndilo lililomchoma Naftaly, maana ndivyo anavyoongeleshwa mtu ambaye hana madhara tena.

Akapanda, akakaa kando ya Obonyo, chini kabisa ya jeneza. Jael akapanda wa pili, akamkagua kama samaki wa juzi, akaridhika. Wengine wakafuata, na mikate yao, na nusu saa haikuisha basi lilikuwa limejaa hadi kwenye ngazi, maana tayari lilikuwa na sifa: lilikuwa basi lenye mtu wa kuliwa kwanza, na wote waliobaki walikuwa salama.

Mulei akalitoa barabarani. Lakini foleni ya magari haikuwa imefunguka bado, basi likasimama pale pale mbele ya steji, dirisha la Naftaly likielekea uwanjani, kana kwamba amekatiwa tiketi ya kutazama.

Morris hakuupigia ubao magoti. Aliuegemeza ukutani kwa saluni. Kisha akazunguka na mguu wake, akiyasukuma mawe meupe kando, moja baada ya moja, bila hasira, kama mtu anayefagia. Akatia filimbi mdomoni. Basi la Mama Rahab likaingia kwa mshazari, kichwa mbele. La Busia likajibana kando yake. La Kisumu likaingia kinyumenyume pale ambapo Naftaly angeapa kwamba hata punda hageuki. Abiria walipita katikati kwa ubavu, wameinua mizigo juu ya vichwa, wakitukanana kwa furaha. Lakini walipita. Hakuna aliyeumia. Barabara ikaanza kufunguka, na honi zikapungua, na Mama Rahab akarudi kwenye thamosi yake akaimimina chai.

Naftaly alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya goti.

"Unahesabu nini, omera, ndugu yangu?" Obonyo akamwuliza.

"Mabasi."

"Yameingia mangapi?"

Naftaly akahesabu tena, kutoka upande wa pili, kwa sababu somo la tatu lilisema hesabu ihakikishwe. Yalikuwa tisa, na la kumi lilikuwa limeshaingiza pua.

"Saba," akasema, akalifunga dirisha. "Saba tu. Hapawezi kuingia zaidi."